Simsamehe Aliyekata Bomba

Siku ya mwisho ya amani niligombana na dadangu juu ya kipande cha sabuni. Zuhura alikuwa fundi wa kushona, na kila gauni alilolimaliza alilifua kwanza kabla mwenyewe hajaja kulichukua, kwa kuwa alichukia harufu ya mafuta ya cherehani. Asubuhi hiyo alikuwa ameimaliza sabuni yangu ya kuogea. Nikamfuata mpaka kwenye mfereji wa bomba uani, akanirushia maji, nami nikamrushia, na mama akatoka mlangoni na kata mkononi.

"Hayo maji mnayoyachezea," alisema, "sisi mnajua tuliyapata vipi?"

Tulijua. Mama alizaliwa visiwa vya kaskazini, ambako watu walikunywa maji ya mvua yaliyokusanywa ndani ya jabia, birika kubwa la mawe, na kiangazi kikikaza kila nyumba ilipimiwa yake. Wazazi wake walipokimbia bunduki za kule wakaja Malindi, walikuja na mtungi mmoja wa udongo. Mtungi huo ulisimama pembeni mwa sebule yetu, juu ya mchanga uliorowa, na sheria yake ilikuwa moja: haukaushwi. Kila siku maji mapya yalimiminwa juu ya yale yaliyosalia. Mama alisema mtungi ukikauka, udongo husahau ubaridi wake, na nyumba nayo hukauka vivyo hivyo. Kila Alhamisi alitia ubani kwenye chetezo, akafukiza kata na kifuniko ili kila funda linukie.

Jirani yetu Kadzo, Mgiriama aliyekuwa na shamba la mihogo upande wa Jilore, hakuacha kututania. "Nikinywa maji yenu nahisi naolewa tena," alisema. "Na huyu wa kwanza bado hajanitosha kwa taabu."

Aliyetuletea mfereji ule alikuwa Kombo. Alikuwa fundi wa bomba, kijana mtaratibu, mwenye shikamoo karibu na ulimi. Alichimba mtaro kutoka barabara ya Jilore mpaka mlango wa mwisho wa kijiji chetu, na muda wote wa kazi hiyo alikula mchana kwetu. Siku maji yalipotoka mara ya kwanza, mama alimpa ya mtungini kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea dua. Nakumbuka Kombo akiinamisha kichwa, macho ameyafumba, kama mtoto anayenyolewa.

Ardhi ile tuliikalia tangu enzi za babu. Lakini alikuwepo tajiri wa mbali aliyedai ni yake, na kila miaka kadhaa alituma watu waje kutuambia tuhame. Tulizoea. Mwaka ule hakutuma watu wa kusema.

Walikuja baada ya swala ya alfajiri, kumeshapambazuka. Vijana wa kukodiwa, wengi, sura tusizozijua, na nyuma yao walinzi wenye bunduki. Wanaume wetu walitoka na mapanga na mishale.

Tuliegemeza godoro mlangoni tukalala sakafuni, mama katikati.

Risasi ya kwanza nilidhani ni bati.

Ya pili niliijua.

Mwenye duka la mkaa alipigwa mlangoni pake. Duka likawashwa moto, na mkaa wote ukaungua siku nzima, mwekundu, bila moshi mwingi. Nyumba saba nane hivi za makuti zilifuata. Serikali baadaye iliita mambo hayo vurugu. Aliyelala sakafuni anajua jina lake ni vita.

Dirisha letu la nyuma lilitazama mtaro wa maji machafu, ule unaopita kando ya vyoo vya umma. Nilichungulia kupitia ufa. Kombo alikuja peke yake. Hakuwa na bunduki wala panga, alikuwa na jembe na msumeno.

Hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja mahali bomba linapovuka mtaro, akachimba kidogo tu, akapiga magoti, akakata.

Nilimwita dadangu aje aone, nisije nikaambiwa nimeota. Zuhura akaweka jicho kwenye ufa.

"Ni yeye," alisema. "Kaa chini."

Kumfukuza mtu kwa moto ni kazi kubwa; nyumba hujengwa tena. Kumfukuza kwa kiu ni rahisi, ukiwa na mtu anayejua bomba lilipolala. Tajiri alimpata mtu huyo kwetu sisi wenyewe. Kwa siku kadhaa tulikunywa maji ya madafu, na ya mvua ndogo tuliyoikinga kwa sufuria. Mama aliupunguzia mtungi kata kwa kata, wala hakuumaliza. Watu walimsifu kwa hilo.

Kisha askari wakaja wakakaa barabarani, na vijana wale wakarudi nyuma, kwenye mikorosho na kwenye njia panda ya kuelekea mjini. Vita vikatulia bila kwisha. Mafundi wa maji waliletwa chini ya ulinzi, wakaunga bomba palepale mtaroni, wakaondoka upesi. Maji yalitoka ya rangi ya chai, halafu yakatakata. Wanawake tulipiga vigelegele. Kila mtu alijaza alichonacho. Mama akajaza mtungi mpaka shingoni.

Kesho yake likapita gari lenye kipaza sauti. Sauti ya mwanamke ilirudia maneno yaleyale mtaa kwa mtaa:

"Wananchi, maji ya mfereji yamechanganyika na uchafu. Msiyanywe bila kuyachemsha. Yatokote sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatiwe katika chombo safi."

Wengine walisema ni hila za kututisha tuhame. Mama hakuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa mtu wa kufuata maneno ya daktari. Aliposikia "chombo safi" aliutazama mtungi wake, akaenda kuwasha ubani ingawa haikuwa Alhamisi.

Ila kuchemsha kunataka moto, na mkaa ulikuwa umeungua pamoja na mwenyewe. Gesi hakuwa nayo mtu. Kuni zilikuwa mikoroshoni, na mikoroshoni walikuwa wao.

Tulikwenda mimi, Zuhura na Kadzo, jua likiwa juu, kwa sababu tulidhani mchana watatuona ni wanawake. Tulikuwa tumeshafunga mizigo walipotuona.

Hawakuita. Walipiga.

Tulilala kifudifudi kwenye majani makavu. Tawi lilikatika juu yangu.

"Nikifa hapa," Kadzo alinong'ona, mdomo umejaa vumbi, "mwambieni mume wangu nilifuata kuni za chai yake, alie vizuri."

Zuhura alicheka. Nilimbana mdomo kwa kiganja, nikahisi meno yake.

Risasi zilipokoma tulitambaa, halafu tukakimbia. Mimi niliutupa mzigo wangu. Kadzo aliutupa wake. Zuhura alifika nyumbani na kuni zote kichwani, na mkwaruzo mrefu shingoni, akazitua mbele ya mama.

"Chemsha," alisema. "Tumezilipia."

Alikaa mwenyewe mbele ya mafiga. Hakukubali mapovu madogo. Aliyaacha maji yatokote mpaka kifuniko kikacheza, akatia kuni nyingine, akayaacha tena. Yalipopoa mama aliinua sufuria kwa kanga, akamimina ndani ya mtungi, juu ya yale yaliyokuwemo, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Akatia kata, akampa Zuhura kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeleta moto.

Zuhura alikunywa, akaomba tena.

"Sufuriani yananuka moshi," alisema. "Haya yana ladha ya nyumbani."

Sote tulikunywa. Mimi na mama tulishikwa na tumbo, tukapata nafuu. Zuhura alianza kutapika kabla ya jua kuchomoza, na ilipofika saa ya chai macho yake yalikuwa yameingia ndani. Kadzo alimkorogea maji ya sukari na chumvi, aliyoyachemsha kwake kwa kuni alizogawiwa na Zuhura na kuyahifadhi kwenye dumu alilolikausha juani. Tulimpa kijiko kwa kijiko. Yalitoka haraka kuliko yalivyoingia.

Tulipata tuktuk moja yenye dereva jasiri. Tulimlaza Zuhura mapajani mwetu, kichwa kwangu, miguu kwa mama, tukaenda. Siku hiyo askari walikuwa wamevutwa upande wa mtoni, ambako nyumba nyingine zilikuwa zikichomwa. Njia panda ilikuwa imezibwa kwa magogo na mawe. Waliokaa juu ya magogo walikuwa na mapanga. Mmoja aliinuka akaja kwetu.

"Shikamoo mama," Kombo alisema. Hata siku hiyo.

Mama hakuitikia. Ni mara pekee niliyowahi kumwona akimnyima mtu marahaba.

"Dadangu anakufa," nilisema. "Tupishe twende hospitali."

"Njia imefungwa."

"Ifungue. Ni gogo hilo tu."

"Nimeambiwa asipite mtu wa kwenu. Nikiwapisha ninyi, kesho kila nyumba itakuwa na mgonjwa."

"Na itakuwa naye kweli, Kombo. Kwa maji yako."

Zuhura alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka hata maneno yakawa kama yanabanduka.

"Suruali hiyo," alisema, "nimekushonea mimi."

Wenzake juu ya magogo wakacheka. Kombo aliitazama suruali yake. Kwa muda mfupi nilidhani amerudi kuwa yule kijana aliyeinamisha kichwa mbele ya mama.

"Geuza," alimwambia dereva.

Dereva akageuza.

Zuhura alifariki nyumbani kabla ya alasiri. Tulimwosha kwa maji yaliyochemshwa kwa kuni zake mwenyewe, maana hatukuthubutu kumwosha kwa mengine.

Njia ilipofunguliwa akaja mwanamke wa idara ya afya, mpole, na kikapu cha dawa ya maji. Alikaa na mama mkekani akampa pole. Kisha akauliza kama tulichemsha.

"Tulichemsha," mama alisema. "Mwanangu alichemsha mpaka kifuniko kikaruka."

"Mkayatia wapi?"

Mama alimwonyesha mtungi. Yule mwanamke alifunua, akanusa ubani, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Mama, huu mara ya mwisho ulimwagwa lini?"

"Haujakauka tangu nilipokuwa mtoto," mama alisema, na katika msiba ule wote hilo ndilo neno alilolisema kwa fahari.

Mwanamke alinitazama. Nilitikisa kichwa, polepole, mama asione. Alikirudisha kifuniko mahali pake.

"Nitatia dawa humu," alisema. "Siku hizi maji yana mambo mengi."

Basi ndivyo ilivyobaki. Wale wa tajiri hatimaye waliondoka, kesi ingali mahakamani, na nyumba zilijengwa upya, nyingine kwa mawe. Kadzo alirudi shambani kwake. Mama alibaki pale, na mtungi wake nilimvunjia kwa makusudi siku moja nikijifanya nimeteleza. Alilia kwa ajili ya mtungi ule kuliko nilivyotarajia. Bomba lilihamishwa likapitishwa mbali na mtaro. Kijiji kikapona. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa.

Nimetembea pwani hii. Nimepika kwa Waitaliano Malindi, nimepika Lamu, nimepika Tanga kwa msimu mzima, nimewapikia wafanyakazi wa mashamba ya chumvi huko Ngomeni, ambako maji huletwa kwa lori na watu huyaheshimu kama mgeni. Kila nilipofika nilifurahi wiki ya kwanza, halafu nikaanza kukumbuka: sauti ya cherehani, Zuhura akitafuna uzi, vile alivyokuwa akinirushia maji bila kuangalia kama nimevaa nguo ya kutokea. Nikafunga mzigo tena. Na kila nilipofika niliuliza, kama mtu anayetafuta mkandarasi, ni nani fundi wa bomba wa hapa na jina lake nani. Watu walidhani nina tatizo la mfereji.

Sikutaka kumshtaki Kombo. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Najua kesi ni nini, na najua inakaa wapi. Nilitaka ashikwe na kiu. Nilitaka alale mahali, macho yameingia ndani, na mtu anayemjua kwa jina asimame juu yake amwambie njia imefungwa. Niliyaomba hayo katika swala, na sijatubu.

Nilimpata Mtwapa, siku ambayo sikuwa nikimtafuta. Nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba ya wapangaji wengi, maji yake yakitoka kwenye tangi la chini ya ardhi katikati ya ua. Maji yalianza kunuka. Mwenye nyumba akaleta fundi wa kulisafisha, akaondoka. Ilikuwa mchana, wapangaji wengi wakiwa kazini. Nilitoka kuanika nguo, nikasikia sauti ninayoijua kutoka shimoni.

"Dada, samahani. Nivutie hiyo ndoo."

Niliivuta ndoo. Ilikuwa imejaa tope. Nikaiweka kando. Kisha nikaishika ngazi, nikaipandisha juu polepole, nikailaza uani.

"Dada! Ngazi hiyo!"

"Naiona," nilisema. "Mimi ni dadake Zuhura."

Chini maji yalichuruzika kutoka kwenye kuta. Nilikuwa nimesimama penye jua, hakuweza kuniona uso. Mimi nilimwona: amenenepa, ana mvi, amekunja suruali mpaka magotini.

"Zuhura mshoni," alisema mwishowe.

"Ndiye."

"Pole kwa msiba."

Nilikivuta kifuniko cha chuma mpaka nusu ya mdomo wa tangi. Kilikwaruza saruji kwa sauti kubwa. Kivuli kikampanda mpaka kifuani.

"Sikiliza," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya haraka. "Mimi sikumtilia maji kinywani. Habari zilienea. Watu wa afya walisema ni mtungi wa mama yenu. Mlichemsha, akamimina juu ya mabaya. Uliza yeyote."

"Najua."

Nadhani hakuwa na jingine nyuma ya hilo. Alikuwa amelibeba miaka yote kama ngao, na mimi nilikuwa nalo kabla yake.

"Uchafu uliingiaje mtungini, Kombo?"

"Kwa bomba."

"Bomba alikata nani?"

"Mimi. Nilitumwa."

"Aliyekutuma simjui sura. Yako naijua. Na njia alifunga nani?"

Aliyatazama maji yaliyosalia miguuni pake.

"Mimi," alisema. "Ile njia ni mimi."

Mikono yangu ilikuwa kwenye chuma. Kilichobaki ni kukisukuma, kukaa juu yake, na kuendelea kuanika nguo. Naandika haya nikiwa na akili timamu: nilikuwa tayari. Nguvu nilikuwa nazo, na sababu nilikuwa nayo.

Dirisha la ghorofani likafunguka. Mpangaji mmoja akatoa kichwa, mtoto begani.

"Dada, fundi amemaliza? Mtoto huyu tangu jana hajaonja maji ya maana."

Nilimtazama yule mtoto. Mfereji wao ulitoka kwenye tangi hili, na wangu pia. Chochote ambacho ningekiacha humo ndani kingepanda kwa pampu mpaka kwenye kikombe chake.

"Bado," nilimjibu. "Nitakuita."

Nilikisukuma kifuniko nyuma, nikashusha ngazi. Kombo alipanda, akashika ukingo, akajivuta nje, akaketi juu ya saruji akihema.

"Ahsante," alisema.

"Usinishukuru. Dawa umetia?"

"Ya kusugulia kuta? Bado."

"Basi shuka ukamalize."

Alinitazama, akaitazama ngazi, akakitazama kifuniko.

"Shuka, Kombo. Watu watayanywa hayo."

Alichukua ndoo ya dawa na brashi. Alishuka kipago kwa kipago, macho yake juu kwangu, nami nikaupeleka mkono wangu kwenye chuma akiwa anaona. Alisugua pembe zote. Kila aliposimama kuvuta pumzi nilimwambia aendelee, na aliendelea. Sijui kama ni hofu au ni haya, na sikutaka kujua. Alipotoka, alikusanya spana zake, akapita langoni akiacha nyayo za maji.

Jioni mfereji uliporudi nilipita mlango kwa mlango nikawaambia wapangaji wachemshe, hata hivyo. Kesho yake nilihama Mtwapa.

Watu niliowasimulia wamenigawanyikia. Wengine husema ningekifunga kile kifuniko. Wengine, hasa wa dini, husema niliyashinda mawazo mabaya, sasa nimsamehe nipumzike. Sikuyashinda. Nilimpisha kwa sababu ya maji, na siku nitakayomkuta pasipo na maji ya watu, sijui.

Dadangu angekuwa na miaka arobaini mwaka huu. Angekuwa na cherehani ya umeme. Hilo halirudi kwa Kombo kusugua tangi, wala lisingerudi kwa kumfungia humo. Mama bado yuko Malindi, amezeeka, ananiombea kila nikipiga simu, na hajui ya mtungi, kwa kuwa kijiji kizima kilimficha, na mimi nikiwa hai hatajua. Alimpenda Zuhura kuliko alivyonipenda mimi, na alimpa maji yale kwa mkono wake. Nikiacha kumchukia Kombo, chuki hii haitalala. Itatafuta mtu mwingine wa kumshika, na nyumbani kwetu amebaki mama tu.